Mwanaisha Hapigi Goti

Pale kijijini Mnyuzi, binti akisalimia wakubwa akiwa wima, watu humwita jeuri. Mwanaisha hakuwa jeuri hata kidogo. Lakini tangu siku ile aliyowanawisha mikono shangazi zake Sufiani, mchumba wake, hakupiga goti tena.

Siku ile alipiga goti akiwa na birika mkononi. Pia ya goti, kile kifupa cha mbele, ikachomoka ikaenda pembeni. Akaanguka, na maji yote yakammwagikia shangazi mkubwa. Mguu uliponyooka, pia ikarudi yenyewe. Mwanaisha alitamani ardhi ipasuke immeze. Akasema ameteleza.

Hata mama yake, Hajira, Mwanaisha hakumwambia ukweli. Nani angeoa mke mwenye goti bovu?

"Watu wanasema nimelea jeuri," Hajira alimfokea. "Wakwe wanakuja tena Jumamosi. Utapiga goti!"

"Ndiyo, mama," Mwanaisha alijibu, akaenda kulia jikoni.

Ijumaa walikuwa shambani wakivuna mahindi. Mwanaisha aligeuka ghafla na tenga kichwani, mguu ukabaki umekanyaga palepale. Pia ikachomoka. Safari hii haikurudi. Alipiga yowe.

Hajira akaukamata mguu ili auvute.

"Mama Mwanaisha, usivute! Usikande!" Aliyekuja mbio kutoka shamba la pili alikuwa jirani yao Emiliana, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali moja ya Korogwe. Akaushika mguu, akaunyoosha polepole, huku akiisukuma pia taratibu. Ikarudi mahali pake.

"Mimi nimesomea," alisema. "Asiyejua asijaribu. Aufunge mguu kwenye ubao kama ulivyo, ampeleke mgonjwa hospitali. Mwanaisha, imewahi kutoka kabla ya leo?"

Mwanaisha akatazama chini. "Imewahi, dada. Hata siku ile ya wakwe."

Hajira aliona aibu. "Na mimi nikakuita jeuri, mwanangu!"

Hospitalini daktari alipima goti, akapiga picha kutazama kama mfupa umemeguka. Haukumeguka.

"Vijana wengi hupatwa na hili," Emiliana alieleza. "Goti likivimba, weka kitambaa cha maji baridi. Lipumzishe kidogo. Halafu tutafanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na nyonga. Pia ikiendelea kutoka, daktari ataamua kama goti linahitaji upasuaji."

Jumamosi wakwe walimkuta Mwanaisha kwenye kiti, goti limefungwa bandeji. Hajira alikuwa ameandaa uongo wa homa. Lakini Mwanaisha alimtangulia.

"Shikamoo, shangazi. Siku ile sikuteleza. Pia ya goti langu huchomoka. Sasa natibiwa na dada Emiliana kule hospitali."

"Marahaba," shangazi mkubwa alijibu. Kisha akafunika uso kwa kanga. "Nimekusema vibaya kijiji kizima. Kumbe mwenzangu! Langu linachomoka tangu usichana wangu. Nimeolewa, nimezaa, sijamwambia mtu. Huyo Emiliana Jumatatu yupo?"

"Yupo, shangazi."

"Basi twende wote."

Walihudhuria mazoezi pamoja. Mwanaisha hakukosa hata siku moja, na goti lake likatulia. Siku ya harusi alipiga goti taratibu kwa ruhusa ya Emiliana, akainuka bila kushikwa mkono. Goti la shangazi mkubwa lilikuwa bovu kwa miaka mingi, kwa hiyo bado lilikuwa kwenye matibabu. Yeye aliwasalimia wakubwa wake akiwa wima, akamweleza sababu kila aliyemkodolea macho.