Gharama ya Kujitoa

Kwanza lilikuwa jambo dogo tu la salio. Sindano aliweka vocha asubuhi, akageuka kuchukua mkasi, na kabla hajakata hata shingo ya gauni, ujumbe ukaingia: "Umekatwa malipo ya huduma ya Karibu Nawe. Asante kwa kuendelea kuwa wangu."

Lile neno la mwisho alilisoma mara mbili. Kampuni husema "wetu." Huyu kaandika "wangu."

"Wezi wa siku hizi wamekosa hata mwandishi," alisema, akaitupa simu juu ya mabaki ya vitambaa.

Sindano ni jina la utani. Alipewa kwa ajili ya ushonaji, likamganda kwa ajili ya ulimi. Chumba cha kushonea alikipanga kwa jasho lake, cherehani akainunua kwa jasho lake, na mchumba wake, fundi umeme mpole asiyejua kugomba, alipokuja kuposa alipewa sharti moja mbele ya watu wote: bibi harusi atahamisha nguo zake, kazi yake haihami. Cherehani haiguswi. Mchumba akacheka, akasema sawa. Shangazi aliyemlea Sindano hakucheka.

"Mke wa mtu, anashinda na futi anapima viuno vya watu," alinong'ona, kwa ule mnong'ono unaosikika mpaka barabarani.

Salio likaendelea kuliwa. Kila Sindano alipolalamika, Shangazi na majirani walimwambia anyamaze, vijisenti gani hivyo vya kumpayusha mtu mzima. Alikuwa bado anabishana na watu hao pale wateja walipoanza kupungua. Wa kwanza kusema kilichokuwepo alikuwa mama mmoja mwenye kitambaa cha kitenge, ambaye hakuvuka kizingiti.

"Fundi, nipe tu kitambaa changu. Na hongera."

"Hongera ya nini?"

"Si umeolewa? Nimekupigia, mumeo akasema umeacha kushona."

Sindano aliitazama simu yake. Haikuwa imeita.

Alasiri ile ile mchumba akaingia, uso umemvimba kama mtu aliyelia njiani akajifuta haraka.

"Yule mwanaume ni nani?"

"Na wewe tena? Mwanaume gani?"

"Sikiliza mwenyewe," alisema, akatoa simu yake. Akaipiga namba ya Sindano, akampa asikilize.

Badala ya mlio wa kusubiri, ilikuja sauti ya mwanaume, laini, iliyokaa karibu mno na sikio. "Mke wangu hashoni tena. Nimemkataza. Usimsubiri." Ikaanza upya, maneno yale yale, ila safari hii ikacheka kidogo, kama inayojua nani anasikiliza. Simu ya Sindano ilikuwa mezani, kioo cheusi, kimya. Ndipo ikaja harufu, marashi ya waridi yaliyochanganyika na nguo iliyoungua kwa pasi, na chini ya cherehani, mahali pasipo na mguu wa mtu, kanyagio likashuka polepole, likapanda, likashuka, na sindano ikawa inatoboa hewa bila uzi wala kitambaa.

"Ni wewe unayechezesha?" mchumba aliuliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Mimi niko huku."

"Najua uko huko. Nauliza tu."

Kesho yake Sindano alikuwa kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Dawatini alikaa kijana mwenye shati la kampuni na tabasamu la kampuni.

"Haya ni makato ya mtu wa tatu, dada. Huduma si yetu."

"Pesa inapita kwa nani?"

"Inapita kwetu, lakini—"

"Mwizi anapita getini kwako, unamfungulia, unachukua fungu lako. Halafu unaniambia wewe si mwizi, wewe ni geti."

Foleni ikacheka. Kijana hakucheka. "Rekodi inaonyesha uliridhia. Ulipigiwa, ukaulizwa, hukukataa."

"Nioneshe huyo niliyemridhia."

Kijana akabonyeza, akasoma, na lile tabasamu likaanguka lenyewe. Akageuza kioo cha kompyuta kidogo, watu wa nyuma wasione. Mahali pa jina palikuwa patupu. Mahali pa anwani paliandikwa mtaa wake Sindano, mlango wake, na mwishoni: nyuma ya pazia la kupimia.

"Mfute," Sindano alisema.

"Mwenzangu alijaribu kufuta mmoja wa namna hii," kijana alijibu bila kufungua midomo sawasawa. "Hajarudi kazini. Dada yangu, tafadhali, ondoka na hiyo simu."

Shangazi ndiye aliyemleta mganga, mama wa makamo mwenye mafua makali na leso mkononi. Aliingia, akakaa, akauliza wananusa nini, maana yeye pua zilikuwa zimeziba.

"Waridi," mchumba alisema. "Na nguo iliyoungua."

"Basi ni mume. Wanaokuja kuua hawajipulizii marashi." Akapenga. "Jini hili halikuvunja mlango. Limeposa. Lilipokuuliza, ulilijibu nini?"

Hapo Sindano akakumbuka. Alikuwa amepiga magoti kwenye pindo la gauni la mteja, simu iko mezani kwenye spika, na sauti fulani inatangaza huduma mpya. Kama hutaki, sema hapana. Ukinyamaza, umekubali.

"Nilikuwa na pini mdomoni," alisema. "Ningefungua kinywa ningezimeza."

"Wewe ni mtu anayejibu kila kitu. Lilikuwa linasubiri siku moja tu ambayo huwezi," mganga alisema.

"Lakini kama liliuliza, na yeye akanyamaza..." Shangazi alianza.

"Shangazi," Sindano alimkatiza.

"Nasema tu, mwanangu. Sisi wote tuliolewa hivyo hivyo."

Mganga alisema yeye hatoi kitu. Atafunga mlango tu kikishatoka. Anayepaswa kukataa ni aliyeulizwa, kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi. "Na likikudai chochote, usiahidi. Niachie mimi."

Sindano alipiga namba yake kwa simu ya mchumba, akaweka spika. Taa haikuzimika, mlango haukugonga, ila pazia la kupimia lilijaa polepole kwa ndani, likachukua umbo la mabega, kisha la paji la uso, na sauti haikutoka simuni tena bali ilitoka pale, ikisema mke wangu, mke wangu, nimekutunzia kimya chako tangu siku ile, sasa sema kwamba umeridhia, na yeye akahisi ladha ya chuma juu ya ulimi na midomo ikifungwa mmoja baada ya mwingine kama pindo linalobanwa kwa pini, mpaka machozi yakamtoka kwa kusukuma neno ambalo maisha yake yote lilikuwa likitoka bila kuitwa.

"Hapana."

Pazia likatulia.

"Hapana. Sikukubali wakati ule, na sasa sikubali."

"Nimesikia," sauti ilisema, kwa upole wa mtu wa ofisini. "Kujitoa kuna gharama."

Mganga aliinua mkono kuzuia, akafungua kinywa, chafya ikamkaba.

"Kata," Sindano alisema. Simuni mlikuwa na nini zaidi ya sarafu?

"Nimepokea."

Harufu ikatoka chumbani kama inavyotoka yakifunguliwa madirisha yote. Mganga, akijifuta macho, alimwambia aangalie salio. Lilikuwa zima, halijapungua hata senti.

"Basi amekata nini?" mganga aliuliza. Lakini Shangazi alikuwa ameshaanza kumshukuru, na mchumba alikuwa anacheka kwa kupona.

Wateja wakarudi. Mmoja aliomba gauni kwa nusu ya bei, Sindano akasema ndiyo. Mwingine alitaka suti ya kesho, naye akaambiwa ndiyo, na fundi akashona mpaka vidole vikavimba. Watu wakasema uchumba umemlainisha. Shangazi alilisikia hilo, na alipokuja tena alikuja na mwanaume mwenye mkokoteni.

"Huyu ananunua cherehani," alisema. "Harusi imekaribia, na kazi ya mke ni nyumbani. Tumuuzie, mwanangu, au unasemaje?"

Mchumba alikuwa mlangoni. Alianza kutabasamu mapema, anasubiri Shangazi achomwe.

Sindano alifungua kinywa. Neno alilijua, alijua lilipokuwa likikaa, na ulimi ulipofika pale ulikuta pengo, laini, kama la jino lililong'olewa. Akatafuta sitaki. Akatafuta haiguswi. Akajaribu kutikisa kichwa, kichwa kikainama mbele, kikainuka.

"Ndiyo," alisema.

Tabasamu la mchumba likasita. Akamsogelea, akamshika bega. "Lakini si ulisema mwenyewe... Una hakika?"

"Ndiyo."

Mwanaume wa mkokoteni akaingia na kamba. Mchumba alimtazama usoni Sindano, ambako machozi yalikuwa yanashuka bila sauti mpaka kidevuni.

"Mbona unalia?" aliuliza taratibu. "Ni furaha?"

"Ndiyo," alisema Sindano.