Rafu ya Vikombe vya Mama

Kila siku nikitoka shule, kabla hata sijavua sare, nilishika ufagio. Baba yangu, Asukile, alikuwa seremala hapa Uyole, na karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu. Nilifagia maranda, nikayatia kwenye gunia la kuwashia moto, kisha ndipo nikala viazi vyangu. Nilikuwa darasa la sita. Majirani walimcheka Baba kwa kumfundisha binti useremala. Yeye aliwajibu, "Kwani msumeno unaogopa gauni?"

Mwaka 1976, mwezi wa tatu, Mama alifariki kwa homa ya mapafu. Sitaeleza mengi juu ya siku zile, maana hata sasa nikisikia mvua juu ya bati naumia. Nitaeleza habari ya kabati lake.

Mama alikuwa na vikombe sita vya kauri, vyenye maua ya buluu. Alipewa siku ya harusi na dada yake, Mama mkubwa Lusia wa Ipogolo, kule Iringa. Hakuvitumia hata mara moja. Vilikaa ndani ya boksi chini ya kitanda, vimeviringishwa kwenye kanga, vikingoja kabati. Mke wa seremala hana kabati! Kila mwaka Baba aliahidi, na kila mwaka kazi za watu zilitangulia. Mama akachoka kusubiri. Alipokwenda Ipogolo kumsalimia dada yake, alirudi na plaiwudi imefungwa juu ya basi, akamwambia Baba, "Haya fundi, sasa huna sababu." Wiki tatu baadaye hatukuwa naye.

Baba aliapa kwamba kabati litakuwa tayari siku ya kuondoa tanga, ndugu watakapokusanyika. Plaiwudi ya Mama haikutosha, kwa hiyo akanunua nyingine mjini Mbeya. Zote mbili ziliuzwa kwa jina la nusu inchi. Akaranda mbao mbili za ubavuni, akaniachia mimi nichonge mifereji ya kuingizia rafu.

"Sekela mama, usiamini nusu inchi ya dukani," alinionya. "Kila rafu ipime kwa mfereji wake. Isimamishe rafu yenyewe juu ya ubao, chora kwa penseli huku na huku. Ikikataa kuingia, panua mfereji. Plaiwudi usiiguse. Ile ni ngozi juu ya ngozi, ukiipunguza inakosa nguvu. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Nilisikia kwa masikio tu. Baba alikwenda Tukuyu kuwaita wadogo zake, nami nilitaka akirudi akute kazi imekwisha. Niliokota kipande cha plaiwudi sakafuni, nikachora mifereji yote minane kwa kipande kile kimoja. Patasi ilikwenda vizuri mno, nikawa naimba. Nikaunga kabati kwa misumari. Rafu tatu ziliingia barabara. Ya nne, ile ya juu ya kuwekea vikombe, ilikuwa ya plaiwudi ya Mama. Ikagoma.

Kumbe kipande nilichookota kilikatwa kwenye plaiwudi ya mjini. Ile ya Mama ilikuwa nene zaidi, kiasi cha unene wa ukucha tu. Dawa yake niliijua: kung'oa misumari na kuipanua mifereji miwili. Lakini jua lilikuwa linashuka na Baba alikuwa njiani. Nikachukua tupa, nikazikwangua ncha za rafu mpaka zikaingia. Nilisikia tabaka za mbao zikichanika. Nikachanganya gundi na unga wa msumeno, nikaziba palipochanika, nikapiga msasa.

Baba aliporudi, aliipapasa ile rafu kwa kiganja. "Umepima kila moja?"

"Nimepima, Baba."

Akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Ningesemaje tena?

Siku ya kuondoa tanga nyumba ilijaa watu. Baada ya sala, Mama mkubwa Lusia alilitoa lile boksi. Alipanga kwanza sahani za Mama kwenye rafu ya juu, kisha akakifuta kila kikombe kwa kanga, polepole, machozi yakimtoka. Alipoweka cha sita alisema, "Haya mdogo wangu, kabati lako hili."

Kra! Rafu ikachomoka upande mmoja. Sahani zikateleza, vikombe vikafuata, vyote vikaanguka kwenye saruji.

"Maskini mimi!" Mama mkubwa alipiga magoti katikati ya vigae. "Nimevunja vikombe vya mdogo wangu! Mikono gani hii?"

"Pole dada, ni bahati mbaya," wanawake walimshika. Mdogo wangu Ezekia, mwenye miaka mitano, aliokota mkono wa kikombe akauliza, "Sasa Mama atanywea nini?" Hapo kila mtu akalia.

Hakuna aliyenitazama. Ningenyamaza, lawama ingebaki kwa Mama mkubwa, naye angerudi nayo Ipogolo. Nilimwona akiokota kigae kimoja kimoja, nikashindwa kunyamaza.

"Si wewe, Mama mkubwa," nilisema. "Ni mimi. Sikuipima rafu ile. Niliikwangua, nikaziba kwa gundi, nikamdanganya Baba."

Baba aliinama akaiokota rafu. Alizipapasa ncha zake kwa kidole gumba, kisha akatoka nje. Heri angenichapa.

Asubuhi aliniita karakanani. Alikuwa amekata rafu nyingine kwenye kipande cha mwisho cha plaiwudi ya Mama. Niling'oa misumari. Niliisimamisha rafu yenyewe juu ya mfereji, nikachora, nikachonga, nikajaribu. Ikakataa. Nikachonga tena. Mara ya nne ikaingia kwa kugongwa kidogo na kiganja.

"Kukosea kipimo si kosa kubwa, mwanangu," Baba alisema. "Mimi nakosea mpaka leo. Lakini ulijua, ukafunika. Ungelisema kosa lile siku ileile, tungelimaliza kwa saa moja. Ulilificha, nalo limetuvunjia kitu ambacho siwezi kukitengeneza. Jana ulisema kweli mbele ya watu wote, na hiyo ndiyo kazi ya fundi. Siku nyingine iseme mapema."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Mama yako naye angekusamehe."

Tulilibeba kabati ndani. Mama mkubwa alikuwa ameviokota vigae vyote, na katikati yake alikuta kikombe kimoja kizima. Alinipa mimi nikiweke.

Niliibonyeza rafu kwa mikono miwili kabla ya kukiweka. Haikutikisika. Ilikuwa na nguvu ya kubeba vikombe hamsini, nasi tulikuwa na kimoja.