Bendera Nyekundu Kati ya Mabehewa

Wastaafu wa reli walikodi basi zima kwa matembezi, nami nikamsindikiza mjomba. Enzi zake alikuwa msimamizi wa yadi, na mdomo wake ulikuwa bado ni spika. Asubuhi tulizunguka makumbusho ya mji, tukawacheka mabwana wenye masharubu pichani. Mchana tukaingia makumbusho ya reli.

Uani yalisimama mabehewa mawili yaliyoliwa na kutu, magurudumu yamejengewa saruji. Kwenye moja ilining'inia bendera nyekundu. Mfunga mabehewa huitundika kabla ya kuingia katikati kuyaunganisha. Ikiwapo, treni haisogei, na anayeiondoa ni yeye tu, akishatoka.

Katika msafara wetu alikuwemo mjane mmoja. Mumewe, mfunga mabehewa, alibanwa kazini akafa, katika yadi ya mjomba. Mjomba aliapa kwamba marehemu aliiondoa bendera mwenyewe, kwa uzembe. Jina la marehemu likachafuka, na mjane hakuacha kulipigania. Mimi nilimwamini mjomba.

"Nani kasahau tambara hapa?" mjomba akacheka, akanyoosha mkono.

Mjane akamshika koti. "Shemeji, usiitoe," akanong'ona. "Mwenyewe hajatoka."

Mjomba akatutazama. Angerudi nyuma vipi mbele ya wenzake wote? Akainyofoa bendera, akajipenyeza katikati ya mabehewa.

"Haya, yuko wapi?"

Chuma kikalia.

Behewa likasogea. Polepole. Hapakuwa na injini. Hapakuwa na mtu. Likamfikia kifuani. Tukamvuta mikono, hakuvutika.

"Siku ile niliitoa mimi!" mjomba akapiga kelele. "Nilikuwa na haraka! Niliitoa mimi!"

Sote tulisikia. Kisha vyuma vikakutana.

Walipomtoa, saruji ya magurudumu haikuwa na ufa hata mmoja. Bendera tuliitafuta hadi chini ya reli, hatukuiona. Mjomba nilimlilia, sikatai, lakini nilimlilia nikiwa na hasira naye.

Jioni mjane akanipigia simu. Alikuwa amefungua nyumba yake, aliyoifunga kwa mkono wake mwenyewe, akaikuta bendera juu ya kiti cha marehemu. Ilikuwa na grisi mbichi.

"Imekunjwa mara nne," akasema taratibu. "Alikuwa akiikunja hivyo kila akimaliza kazi."