Ufa Nyuma ya Ubao

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Chiriku alifagia darasa la sita. Jina hilo alibandikwa na shangazi yake, kwa kuwa mdomo wake haukupoa. Alifagia huku akisimulia, hata kama msikilizaji alikuwa ufagio peke yake. Nyuma ya ubao palikuwa na ufa mwembamba, na chini yake vumbi la chokaa halikuisha.

Siku moja mwalimu mkuu aliwatangazia kwamba kamati ya mipango ya mji ingekuja kukagua majengo.

"Halmashauri imepata mkopo wa kujenga jengo moja kubwa," alisema. "Sisi tumeomba madarasa mapya. Zahanati imeomba wodi ya wazazi. Lenye hali mbaya zaidi litatangulia. Jingine litangoja mpaka mkopo upungue."

"Mwalimu, kwani mkopo analipa nani?" Chiriku aliuliza.

"Wazazi wenu, kwa kodi na ushuru wa soko. Ndiyo maana hatuwezi kujenga yote kwa mpigo."

Mwamba ngoma huvutia kwake. Jioni hiyo Chiriku alibaki darasani, akaokota kipande cha nondo, akaukwangua ule ufa hadi ukameza vidole vyake. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini sidhani waliwahi kumfikiria mtoto wa kuupanua.

Kesho yake mhandisi wa mji aliingiza mkono ukutani, akatikisa kichwa. "Hapa watoto wamo hatarini," alisema. Kabla ya juma kwisha, habari zilienea kwamba shule ingetangulia. Kilichobaki ni wananchi kuupitisha mpango huo mkutanoni.

Chiriku alikimbia nyumbani kutangaza ushindi. Shangazi yake, aliyekuwa mjamzito, alikuwa akikunja nguo za mtoto.

"Hongereni, mwanangu," alisema taratibu. "Basi sisi tutaendelea kubanana kwenye kile kitanda kimoja cha zahanati."

Chiriku akakumbuka. Mwaka uliopita kitanda kilikuwa na mtu, shangazi akajifungulia sakafuni, kwenye korido yenye baridi. Mtoto hakumaliza wiki. Chiriku mwenyewe alimpakata. Nguo zile zilizokunjwa zilikuwa za mtoto huyo.

"Mbona kimya? Leo umemeza ulimi?" shangazi alimtania.

Chiriku alijilaza mapema. Usingizi ulimpaa.

Siku ya mkutano ukumbi ulifurika. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno, Chiriku alisimama.

"Shikamooni. Ule ufa wa darasa la sita ni wangu."

Watu wakacheka.

"Ulikuwepo, lakini ulikuwa mdogo. Mimi niliupanua kwa nondo ili tupate madarasa."

Kicheko kikakatika. Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa. Mhandisi akauliza, "Na kwa nini unasema leo?"

"Kwa sababu shangazi yangu atajifungua, na kitanda ni kimoja." Akalia mbele ya watu wote.

Mhandisi alirudi kuupima ukuta, akakuta ungali imara. Wodi ikatangulia, shule ikafuata nyuma yake. Baadhi ya wanafunzi walimwita Chiriku msaliti, na hilo lilimuuma sana. Adhabu yake ilikuwa kumsaidia fundi kuuziba ufa, akichanganya saruji mpaka viganja vikachubuka.

Shangazi hakuiwahi wodi mpya. Alijifungua katika zahanati ileile, ila safari hii alikipata kitanda. Nje mafundi walikuwa wakimwaga zege la msingi. Chiriku alipoingia, aliwekewa mtoto mapajani, mzima, akilia kwa nguvu.

"Shangazi, bado unanikasirikia?"

"Nilikasirika," shangazi alikiri. "Sikiliza, mwanangu. Mji una mfuko mmoja na shida nyingi, kwa hiyo lazima wengine wangoje. Kungoja si vibaya, kama waliotangulia wamesema kweli. Ukidanganya ili upite mbele, kuna mtu nyuma yako anaumia, na huenda ni wa damu yako."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga.

"Haya, rudisha mdomo wako," shangazi alisema. "Mwambie mwenzio kelele hizo za nini."

Chiriku akamwinamia mtoto, akaanza kumsimulia habari za wodi inayojengwa.