Kabureta Kubwa, Injini Ndogo

Siku hiyo mjinga alikuwa Turbo, na hata yeye mwenyewe hakatai. Jina hilo msichana alipewa na shangazi yake, kwa kuwa akiitwa mezani hufika kabla ya sahani.

Asubuhi ilianza kama Jumamosi zote. Turbo alifagia karakana ya mama yake, akaosha spana kwa dizeli, akazipanga kuanzia ndogo hadi kubwa. Mama alikuwa fundi wa magari. Shangazi alikuwa dereva wa mashindano. Mawifi hao walitaniana kutwa kucha, lakini gari moja dogo la mbio liliwaunganisha kuliko ile ndoa iliyowafanya mawifi.

"Mfungie shangazi yako kabureta yake," mama alisema. "Ukimaliza, niite nikague." Turbo alikwisha kuifanya kazi hiyo mara nyingi.

Mezani palikuwa na kabureta mbili zilizosafishwa, vile vifaa vinavyochanganya hewa na petroli kabla ya kuingia injini. Kwenye mdomo wa ile ya shangazi, kidole gumba kiliingia kwa shida. Ile nyingine, ya gari la mteja lenye injini kubwa mara mbili, ilimeza vidole viwili na nafasi ikabaki. Turbo akalinganisha matundu ya bolti: sawasawa. Basi akapiga hesabu yake ya haraka: mdomo mkubwa, petroli nyingi; petroli nyingi, mbio nyingi. Akaifunga ile kubwa, akaifunika kwa boksi la kichujio cha hewa, akawasha. Injini ikanguruma hadi mabati ya paa yakaitikia. Ile ndogo akaiviringisha kwenye kitambaa, akaisukumia ndani ya mkoba wake. Shangazi akishinda, angeitoa mbele ya watu na kusema, "Mmeona?"

Mama alikuwa getini akibishana na mteja. "Umefunga?" akauliza kwa mbali.

"Nimefunga, Mama."

Jibu hilo lilikuwa zima kama kikapu kisicho na kitako, lakini mama, aliyeshikwa na mteja, hakwenda kukagua.

Mchana, kwenye uwanja wa mbio, shangazi alitoka kufanya mzunguko wa mazoezi. Kwenye njia iliyonyooka gari lilikwenda vizuri. Lakini alipopunguza mwendo kwenye kona, kisha akakanyaga mafuta tena, injini ilikohoa, ikapaliwa, ikanyamaza. Gari lililokuwa nyuma likaja kama jiwe la kombeo. Breki zikalia. Likampita ubavuni, pakabaki nafasi ya kupenya mkono tu. Turbo aliyaona yote kando ya uzio.

Shangazi aliporudi, alitupa glavu chini. "Wifi, leo umenifungia injini au kifaduro?"

"Labda ni mguu wako uliolala," mama alijibu, lakini hakucheka. Akabadilisha plagi, akanusa petroli, akakagua nyaya. Wapi! Ukikanyaga ghafla, injini inakohoa vilevile. Mafundi wa magari mengine walianza kumtazama mama na kunong'onezana. Kipaza sauti kikaita magari yajipange mstarini.

"Acha, nitakwenda hivyo hivyo," shangazi alisema akivaa kofia ngumu. "Ikikohoa, watanikwepa."

"Na wasipokukwepa?"

"Basi utanilea, wifi."

Turbo aliutazama mkoba wake. Ulimi ulimwelemea kama jeki ya lori. Akisema, huenda mama asimpe spana tena. Asiposema... ile kona ikamrudia machoni.

"Shangazi, usiende!" Sauti ilimtoka kabla hajaamua. Akatoa kitambaa mkobani, akakifungua. "Niliweka ile kubwa. Yako hii hapa."

"Lete spana," mama alisema. Akainama kwenye injini, akaanza kulegeza nati. "Ukinywa soda kwa mrija, inapanda?"

"Inapanda, Mama."

"Na ukinywa kwa bomba la maji?"

"Haipandi. Pumzi haitoshi."

"Basi ndiyo hivyo. Injini ndogo, pumzi ndogo. Ikivuta hewa kupitia koo pana, hewa inapita polepole, haina nguvu ya kunyonya petroli. Kule karakanani ilinguruma kwa sababu haikuwa na mzigo. Ikibebeshwa mzigo baada ya kona, inapaliwa. Kabureta hupimwa kwa ukubwa wa injini, si kwa tamaa ya fundi. Shika nati hii. Na yule mteja mwenye kabureta hii kubwa, utakwenda kumwomba radhi wewe mwenyewe."

Msimamizi wa mbio alikubali shangazi aanze wa mwisho. Magari yaliondoka kwa kishindo, na Turbo akashika uzio hadi viganja vikauma. Ile kona ikafika. Gari likapunguza mwendo. Shangazi akakanyaga, na injini ikaitika papo hapo, bila hata kigugumizi. Akapita gari moja, kisha jingine. Hakushinda; alimaliza katikati ya kundi, mzima.

Alipovua kofia, Turbo alikuwa na utetezi wake tayari. "Lakini sikudanganya, Shangazi. Mama aliniuliza kama nimefunga, na kweli nilikuwa nimefunga!"

"Ulijua alichokuwa anauliza," mama alisema.

"Nilinyamaza tu, Mama. Kunyamaza si kudanganya."

Mama alitaka kujibu, shangazi akamtangulia. "Turbo, lile gari lingenigonga, mfupa wangu ungeuliza kwanza kama ulidanganya au ulinyamaza tu?"