Fungu la Kumi la Mashine

Wazazi wenzangu wa Panda, nanyi wa Likasi yote mnaopenda kusikia mambo ya nyumba za watu, leo nawapa habari ya Mama Berthe, muuza unga wa mahindi. Jumapili ile nyumba yake ilijaa raha. Bintiye Arielle, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa amepata ruzuku ya utafiti. Haikuwa fedha. Zilikuwa saa za kutumia kompyuta kubwa zilizo ng'ambo, kwa njia ya intaneti, zile ziitwazo kompyuta za wingu. Kwa saa hizo angeifundisha akili bandia kuwajibu akina mama kuhusu homa za watoto, kwa Kiswahili chetu cha Likasi, si cha vitabuni. Mama Berthe alisonga bukari huku akiimba, na kanisani akasimama kutoa ushuhuda.

Ushuhuda huo ulimfikia Parfait, mtoto wa dada yake, mpiga video wa kanisa. Kesho yake akaja, Arielle akiwa chuoni.

"Mama, weye ulishuhudia, lakini dîme iko wapi?"

"Dîme ya nini? Arielle hakupata hata franga moja."

"Alipata masaa. Mungu pia iko na fungu la kumi mu ile masaa. Baraka bila dîme inafungaka."

Moyo wa Mama Berthe ulimlipuka. Mwanamke huyu hata akivuna mahindi nyuma ya nyumba, fungu la kanisa hulitenga kwanza. Neno la siri la akaunti ya saa hizo alilijua, kwa kuwa Arielle hakuwahi kumficha kitu. Akamfungulia Parfait kompyuta.

Msimcheke. Wangapi kati yetu tungemkatalia?

Parfait alianza na malaika wakishuka juu ya mashimo ya wachimbaji, video ambayo akili bandia ilimchorea yote kwa saa za Arielle. Waumini wakashangilia. Akaongeza mapepo, kisha matangazo ya arusi za rafiki zake, na fungu la kumi likawa karibu nusu. Tamaa ilikuwa imemkolea, naye akaiita huduma.

Siku moja Arielle alirudi macho mekundu. Akaunti ilikuwa imefungwa. Watoa ruzuku waliona kazi zisizo za utafiti, wakataka maelezo kabla ya Ijumaa, la sivyo ruzuku ingepewa mwingine. Mashine ingebaki imejifunza nusu, na diploma ya Arielle ingepotea nayo.

"Uwaambie bezi baliingia mu compte," akashauri Parfait, aliyekuwa amefika nyumbani kama kawaida yake. "Bale ba mbali habatajua."

Arielle, akiwa amechoka, akaanza kuandika uongo huo wa wezi. Mama Berthe alikuwa mlangoni, unga mikononi.

"Arielle, futa. Ni mimi, njo minye nilimufungulia Parfait."

"Mama! Juu ya nini?"

"Niliogopa baraka yako itafungwa."

"Ulitoa kintu chenye hakikuwa chako, mama. Hata changu hakikuwa. Ni cha batoto ba huku."

Maneno hayo yalimuuma Mama Berthe kuliko kofi. Alilia, akajipangusa, akamwambia bintiye awapigie watoa ruzuku kwa video. Akakaa mbele ya kamera na kitambaa chake cha kanisani kichwani, Arielle akitafsiri kwa Kifaransa.

"Mwenye makosa njo minye. Mutoto hakujua. Nilifikiri ninamulipia Mungu. Kama ni kufukuza, mufukuze minye, muache kazi yake."

Madame Michelle, msimamizi wa ruzuku, aliyaandika maneno hayo. Kisha akasema kwamba wengi hufungiwa akaunti na kila mmoja huwataja wezi, na mama huyu ndiye wa kwanza kujitaja mwenyewe. Akaifungua akaunti kwa saa zilizobaki tu, na neno la siri likawa la Arielle peke yake.

Mashine ilijifunza Kiswahili chetu kwa sauti za akina mama zilizorekodiwa, na saa zilizobaki zilikuwa chache, hazikuruhusu kupotezwa kwa sauti zenye kelele. Basi Mama Berthe akawakusanya wauzaji wenzake, mmoja baada ya mwingine, wakarekodiwa wakiongea kuhusu homa za watoto wao. Parfait, aibu imemjaa, akazisafisha sauti hizo, maana kazi ya sauti anaijua kweli. Mashine ikamaliza masomo, na siku ya kutetea kazi yake chuoni Arielle akapewa alama ya juu kabisa. Vigelegele vilisikika hadi barabarani!

Lakini ushindi wenyewe ulikuja baadaye, asubuhi moja, mjukuu wa Mama Gertrude jirani alipokakamaa kwa homa. Gertrude alitaka kumchemshia mizizi kwanza. Akaiuliza mashine ya Arielle, iliyokuwa sasa katika simu yake, kama afanye hivyo.

"Hapana, mama," mashine ikajibu. "Mutoto akikauka mwili, usingoye. Mupeleke ku lopitalo sasa."

Akakimbia. Muuguzi alisema kuchelewa kidogo tu kungemuua. Mtoto alipofumbua macho, muuguzi akamuuliza Gertrude nani alimwambia asingoje.

"Mashini ya mutoto wa Berthe," akajibu. "Niliisikia kwa sababu inasema sawa siye, Kiswahili ya huku."

Mafunzo

Ndugu zangu, sadaka hutolewa katika kilicho chako. Mtoto wako akikabidhiwa kitu kwa ajili ya kazi ya watu, usikimege, hata kwa jina la Mungu, na anayekuhimiza ukimege mwulize anataka nini. Nawe ukiwa umeshakosea, sema mapema, kwa mdomo wako mwenyewe. Mama Berthe alisema, na mjukuu wa jirani yake anacheza leo Panda.