Tundu la Poncho

Daraja la mbao lilikuwa limekwenda na maji. Wanzala aligundua pikipiki ikiwa imeshainama, gurudumu la mbele likitafuta mbao na kukosa.

Alikuwa akimrudisha Mama Daisy kwake Kianda kutoka Kawangware, na kwa haraka ya mvua akakata njia ya mtoni. Mama na mtoto wake mchanga walijikunyata mgongoni mwake, ndani ya poncho ileile aliyoivaa yeye, vazi pana la plastiki lenye tundu moja la kichwa, kama abiria wote wa boda kukinyesha. Tena poncho hii haikupeperuka. Kaka yake Wanzala, Shiundu, alikuwa ameishona mbavu zote mbili kwa uzi wa viatu, mteja asilowe. Mwaka uliopita mto huuhuu ulimchukua Shiundu, akapatikana bado ameivaa. Wanzala aliiosha, akaianika, akaingia nayo kazini. Wenzake wa boda stejini walimwomba aitupe. Akawacheka, eti wanaume wazima wanaogopa plastiki.

Maji yaliwang'oa kitini, yakawaburura, yakawabamiza kwenye ukuta wa choo uliobomoka nusu. Hapo miguu ikapata tope. Wanzala akainua mikono ajishike. Ikagonga plastiki. Akasukuma kushoto, akasukuma kulia, uzi haukulegea. Ndipo akajua jinsi kaka yake alivyokufa: mzima, mwenye nguvu, mikono imefungiwa ndani.

Maji yalimfika kidevuni. Nyuma yake Mama Daisy alikuwa akivuta hewa iliyobaki kwenye mkunjo wa poncho, mtoto amempandisha hadi kisogoni pa Wanzala.

"Boda," alisema. "Toa kichwa kwa hilo tundu."

"Nikitoa nazama."

"Daisy ni mdogo. Atapita."

Wanzala alivuta pumzi, akaingiza kichwa gizani.

Mle ndani kulikuwa na ngurumo ya maji, na mikono. Mikono ya mama ikimpandisha mtoto, yake ikisukuma. Na mingine chini, mipana, migumu, aliyoijua tangu utotoni, ikamkaza vifundo vya miguu topeni asisombwe. Alitaka kupiga yowe. Akakumbuka pumzi aliyonayo ni moja.

Khalid, muuza nyama wa Makina, alikuwa ukingoni akiokoa mabati. Aliona poncho isiyo na kichwa imening'inia ukutani, kisha mtoto akachomoza tunduni, analia. Akajifunga kamba, akajitosa. Kisu chake kikapasua plastiki kutoka shingoni hadi chini.

Walipopata pumzi kwenye baraza la nyumba ya karibu, Wanzala alimwuliza Mama Daisy, kwa sauti ya chini, kama ni yeye aliyemshika miguu.

"Mikono yangu yote ilikuwa kwa mtoto," alijibu.

Mwenye nyumba, mwanamke mzee, alileta blanketi, akataka kumfunika hadi kichwani. Wanzala akarudi nyuma, akatoka, akasimama uani mvuani, kichwa wazi.

"Utakufa na baridi, kijana."

"Wacha ininyeshee, mama."